Mnyama Aingie kwa Miguu Yake

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliokalia matofali manane, ng'ambo ya geti la machinjio. Kushoto ni duka la dawa za mifugo la Dozi. Kulia ni jiko la Shangazi na birika lake lisilo na mfuniko. Katikati, pale ubao unapobonyea, nakaa mimi na sanduku langu la kushonea viatu, na jina langu hapo ni Soli. Makali, mchinjaji mkuu, hukaa upande unaoelekea getini ili akiitwa asiseme hakusikia. Katiba, karani mstaafu wa mahakama, hukaa mwisho kabisa kwa sababu anapenda kunyoosha miguu na kunyoosha watu. Juu ya geti kuna maandishi mekundu: MNYAMA AINGIE KWA MIGUU YAKE. Chini yake kuna mstari wa chokaa, na karani wa geti hukaa na daftari kuutazama. Mnyama akiuvuka akitembea, ameingia. Akichechemea, anarudishwa nyumbani. Nyuma ya machinjio kuna shimo la wale waliochinjwa halafu mkaguzi wa nyama akawakataa, na kando ya shimo kuna miti kumi na mmoja mirefu wanakotaga tumbusi, yule tai mwenye shingo ya upara anayeishi kwa mizoga.

Ugomvi wa Alhamisi ile ulikuwa wa tumbusi. Jumatatu na Jumanne walianguka ishirini na watatu, mmoja baada ya mwingine, kutoka mitini kama nguo zilizochoka kamba. Watu wa afya wakaja na glovu, wakawarundika, wakawamwagia mafuta ya taa wakachoma. Kisha wakabandika tangazo getini: ndege hawa wana ugonjwa, miti yote itakatwa Jumatatu. Makinda yaliyomo kwenye viota hayakutajwa.

Sasa jambo moja mlijue mapema. Anayewahesabu ndege hao ni binti yangu. Ameajiriwa na watafiti wa afya ya wanyama wa porini, na kwa miaka mitatu amekuwa akipanda miti ile, akipima makinda, akiwavisha namba kwenye bawa. Mtu akimcheka mbele yangu, mimi na yeye hatumalizi kikombe pamoja.

Katiba: Soli, nimesikia binti yako jana alipanda paa la ghala la ngozi na ngazi ya kuazima.

Mimi: Umesikia nusu. Ngazi ilikuwa yangu.

Makali: Kufuata ndege mfu.

Mimi: Kufuata ndege mfu. Wewe unafuata ng'ombe wafu kila alfajiri na hakuna aliyekushikia kiuno kukucheka.

Dozi: Hapana, Soli, hatucheki. Tunashangaa tu. Mtoto kasoma miaka yote ile, leo anapima mavi ya tumbusi.

Mimi: Na wewe unauza dawa ya minyoo. Minyoo inatoka wapi, kwenye marashi?

Shangazi alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye sahani. Mimi nilichovya kijiti kwenye chupa yangu ndogo ya gundi nikaendelea kubandika soli ya kiatu cha mwalimu fulani anayekanyaga upande mmoja.

Katiba: Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Shangazi: Hiyo inaingiaje hapa?

Katiba: Inaingia vizuri sana. Ndege hawa wamedekezwa. Wanapimwa uzito, wanapewa namba, wanabebeshwa vidude mgongoni. Ndege aliyezoea kubembelezwa akipata homa kidogo tu anaanguka.

Shangazi: Haya, mbembelezaji mwenyewe yule anakuja.

Binti yangu alivuka barabara akiwa na sanduku la barafu begani na daftari kwapani. Macho yalikuwa mekundu lakini si ya kulia. Alikuwa hajalala, na mtu asiyelala namjua.

Binti: Shikamooni.

Sisi: Marahaba.

Dozi: Marahaba, Mama Tumbusi.

Binti: Marahaba yako nimeipokea, baba mdogo. Jina nitalifikiria.

Akaweka sanduku chini. Akatueleza polepole, kama anavyoeleza kila mara, bila kutufanya wajinga. Yule ndege wa kwenye paa ndiye pekee ambaye moto haukumfikia. Alimpasua. Figo zake zilikuwa zimefunikwa unga mweupe, kama mtu amezipaka chokaa.

Binti: Figo ziligoma kufanya kazi. Mimi sioni ugonjwa hapo. Naona kitu walichokula. Lakini jua limeshaharibu karibu mwili wote. Kipande kilichobaki kizima kinatosha kipimo kimoja tu. Maabara wameniuliza watafute nini, na hawataki niwaambie watafute sumu. Wanataka jina. Nikikosea jina, kipande kimekwisha na mimi nimekwisha.

Makali: Na ukipatia?

Binti: Majibu yanatoka kabla ya Jumatatu. Ofisa wa afya ameniandikia na kutia saini: maabara wakithibitisha kwamba si ugonjwa, misumeno haitawashwa. Gari la maabara linaondoka saa sita.

Ilikuwa saa nne na nusu.

Katiba: Binti yangu, serikali ni serikali. Waache wakate. Ndege watahamia kwingine.

Binti: Kwingine wapi, mzee? Nimewatafuta kwingine kote. Tumbusi anataga yai moja kwa mwaka, na mwaka huu viota tisa vina makinda ambayo hayajui kuruka. Walikuwa wakubwa sitini na mmoja, leo ni thelathini na wanane. Mwaka ujao sitaki kuja hapa kuhesabu visiki.

Hakupandisha sauti. Mama yake naye alikuwa hivyo. Akikasirika kweli, unamsogelea ili umsikie.

Binti: Jumamosi shimoni walitupwa wanyama watatu. Baba, mmoja alikuwa maksai wetu.

Mimi: Ndiyo.

Maksai yule alivuta mkokoteni wa ngozi kutoka hapa hadi kwa watengeneza viatu kwa miaka kumi na mmoja. Alichoka mguu wa mbele wa kushoto, nikamleta. Mkaguzi alimkuta na ini bovu, akamkataa, nami nikaondoka na ngozi yake tu. Wiki hiyo yote kijiweni walinitania kwamba nimekuwa mjane.

Binti: Kabla hajaletwa, alipewa dawa yoyote?

Dozi alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari. Makali aligeuka kutazama geti ambako hakuna aliyemwita. Mimi nilikuwa na kijiti mkononi na chupa ya gundi magotini, nikaizungusha ile chupa kidogo, karatasi ya bluu iliyobandikwa ubavuni mwake ikanitazama mimi.

Mimi: Hapana.

Aliandika. Msinihukumu bado, kaeni kwanza.

Akamuuliza Makali. Makali akasema yeye anachinja, hahoji. Akamuuliza Dozi. Dozi akasema duka lake lina vibali vyote, ukutani, vyenye fremu. Binti akamwambia hakuuliza vibali. Kisha akabeba sanduku lake.

Binti: Nitakuwa pale ghalani. Mkikumbuka lolote, hata liwe dogo, njooni.

Akavuka barabara. Tulimsindikiza kwa macho mpaka mlango wa ghala ukafungwa, halafu ubao mzima ukapumua.

Katiba: Ana adabu. Hilo halina ubishi.

Dozi: Ana adabu, lakini amepotea njia. Ugonjwa ni ugonjwa. Umeletwa na upepo.

Shangazi: Upepo uwaue tumbusi tu? Mbwa wa machinjio wamekula shimo lilelile Jumamosi hiyohiyo. Leo asubuhi mmoja ameniibia kitambaa cha birika na nimemfukuza hadi kona. Yule hana figo?

Shangazi ana tabia hiyo ya kuuliza kitu kwa sauti ya kawaida akiwa anapuliza mkaa.

Katiba: Mimi ninayo sababu. Ni vile vidude vya mgongoni. Kile kidude kinapiga simu kwa watafiti mchana kutwa. Ndege anahisi mtetemo, anadhani ni yeye anayeitwa. Anakosa usingizi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Shangazi: Wenye vidude walikuwa watano. Waliokufa ni ishirini na watatu.

Katiba: Basi wale watano waliwaambukiza wenzao. Mtandao hauna mipaka, Shangazi.

Makali: Acheni maneno. Ndege wale wamekufa kwa shibe. Tumbusi hajui kusema imetosha. Jumamosi walitupiwa watatu kwa mpigo, wakala bila kumeza mate. Haraka haraka haina baraka.

Shangazi: Wamekula shimo hilo tangu baba yako akishika kisu, na babu yako kabla yake. Shibe imeanza wiki hii?

Makali: Ninachosema ni kwamba nyama ya kwetu ni safi. Liandikwe hilo. Nyama inayotoka geti lile ni safi.

Shangazi: Nani kasema si safi?

Makali: Hakuna. Ndiyo maana nasema.

Dozi: Sikilizeni, nimewaza. Mnara wa simu. Umewekwa balbu mpya nyekundu. Tumbusi akiona nyekundu anaona nyama. Anauzunguka usiku kucha, kizunguzungu kinampanda, asubuhi anaanguka.

Katiba: Hiyo imekaa vizuri.

Dozi: Au hata si mnara. Kuna tumbusi wa mji mwingine. Mimi nawajua, wana mabega mapana. Machinjio yao imefungwa, wanaitaka yetu. Wamekuja kuwatilia wenzao kitu.

Shangazi: Wamekitia kwa mikono ipi?

Dozi: Kwa mdomo.

Makali: Wanakitoa wapi hicho kitu?

Dozi: Huko kwao. Kwani huko kwao hakuna maduka?

Katiba: Ngojeni. Tuliangalie kisheria. Ndege aliyefia juu ya paa la ghala amefia nje ya mipaka ya machinjio. Kwa hiyo machinjio haihusiki. Na wale waliofia ndani wamechomwa, ushahidi haupo. Kesi imekwisha.

Wote tulicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, na mkono wangu umeishika ile chupa mpaka vidole vimekufa ganzi.

Makali: Au wamegoma. Wameona miti yao itakatwa, wakasema afadhali tufe.

Shangazi: Tangazo la miti lilikuja baada ya vifo.

Makali: Ndege anaona mbali.

Shangazi: Aone mpaka Jumatano akiwa Jumatatu?

Mimi: Shangazi, niongezee kahawa, nyamaza kidogo.

Nilimjibu vibaya na nilijua. Alinitazama, akanimiminia nusu kikombe. Shangazi akinyamaza, maji yamezidi unga.

Katiba aliinua shingo kutazama mwisho wa barabara. Mama mmoja mfugaji alikuwa anakuja, gauni limeshikwa na vumbi hadi magotini, mkononi kamba, na mwisho wa kamba ng'ombe mwekundu anayetupa mguu wa nyuma kando kila hatua.

Katiba: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shangazi, andaa kikombe, huyo atakunywa viwili.

Mama: Shikamooni.

Katiba: Marahaba, mama. Kaa upumzike.

Mama: Nikikaa, huyu atalala, na akilala hainuki. Nani kati yenu muuza dawa?

Tulimtazama Dozi. Dozi alijitazama viatu.

Mama: Nimetembea tangu kabla ya jua. Nimeambiwa kwako ndiko kunakokatwa tiketi.

Dozi: Tiketi ya nini, mama? Hapa mabasi hayasimami.

Mama: Ile ya sindano. Ya kumvusha chokaa.

Haya. Hapo ndipo niwaambie kitu ambacho kila mtu wa ubao ule amekikalia kwa miaka. Mnyama anayechechemea havuki mstari. Lakini ukimchoma sindano ya maumivu nusu saa kabla, anatembea kama bwana harusi. Anavuka, karani anaandika, na baada ya hapo hakuna anayeuliza mguu. Sindano hiyo tunaiita tiketi. Dozi anaiuza. Makali anaijua kwa macho, anaona alama ya sindano shingoni, anageuza shingo upande wa pili. Katiba ndiye aliyetuhakikishia kwamba sheria imetaja miguu, haikutaja maumivu. Shangazi huwapa wenye wanyama kahawa wakisubiri nusu saa ipite. Na hakuna anayeitaja mbele ya mtu mwenye kalamu. Hiyo ndiyo katiba ya kijiwe, aliitunga Katiba mwenyewe, na ni ya zamani kuliko maandishi ya pale getini.

Dozi: Mama, leo duka limefungwa.

Mama: Mlango uko wazi, naona mpaka kalenda.

Dozi: Umefunguliwa kwa ajili ya hewa.

Mama: Sawa. Basi nijibu swali moja, kisha nitajua kama nirudi au ningoje. Ng'ombe huyu akikataliwa na mkaguzi, nataka nichukue nyama yake nimpelekee mbwa wangu. Mbwa huyo ndiye analinda ndama wangu wote, sina mwingine. Sasa nimekuwa nikijiuliza njiani. Ukimchoma mnyama dawa, kisha mnyama akafa, dawa inakwenda wapi?

Dozi: Inaisha.

Mama: Inaishia wapi?

Dozi: Humohumo.

Mama: Humo kwenye nyama?

Makali: Inatoka na damu.

Mama: Yote?

Katiba naye alikohoa, akainua kidole, tukamngoja. Nimekaa na mzee yule miaka tisa, sijawahi kumwona akiinua kidole methali isifuate. Kidole kikashuka chenyewe.

Shangazi aliinamisha birika. Matone mawili yakatoka, la tatu likakaa mdomoni.

Shangazi: Kahawa imekwisha.

Ilikuwa saa tano na robo. Haijawahi kwisha kabla ya adhuhuri, na jikoni kwake niliona unga wa kahawa umejaa kopo.

Nami nikamwona maksai wangu. Nilikuwa nimemkataa tangu Jumanne, kila akinijia akilini nabandika kiatu. Ijumaa jioni nilinunua chupa kwa Dozi. Jumamosi asubuhi nilimchoma mwenyewe uani, nimemshika sikio, namwambia pole mzee, ni kidogo tu. Alivuka mstari wa chokaa kichwa juu. Mchana akawa shimoni, na tumbusi wakashuka kwake kwanza kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wote. Na chupa ilipokwisha sikuitupa. Fundi viatu hatupi chupa. Niling'oa mpira wake, nikaiosha, nikaitia gundi.

Niliwafahamu wale ndege kwa namba, mjue. Binti yangu hula chakula cha jioni akinisimulia. Arobaini na mbili alikuwa na jicho moja na alipenda figo kuliko kitu chochote. Arobaini na mbili alichomwa Jumanne.

Nikasimama na chupa mkononi.

Dozi: Unakwenda wapi na gundi?

Mimi: Gundi nitaimwaga. Ninachopeleka ni karatasi yake. Ina jina.

Dozi akanishika mkono. Dozi si mtu mbaya.

Dozi: Soli, fikiri. Dawa ile ni halali. Nimeuza kitu halali.

Mimi: Basi jina lake lisikutishe.

Dozi: Wakijua, geti litafungwa. Makali atakula nini? Mimi je? Huyu mama na ng'ombe wake watakwenda wapi? Kwa ajili ya ndege mwenye upara?

Mimi: Geti likifungwa, kuna siku litafunguliwa. Hata wewe zipo dawa nyingine za maumivu dukani mwako, utauza zisizoua. Mti ukikatwa na kinda ndani, utamfungulia nini?

Makali: Kijiwe hiki hakimtaji mtu. Unajua. Ukivuka barabara na hiyo chupa, usirudi kukaa hapa.

Mimi: Simtaji mtu, Makali. Najitaja mimi. Na ubao huu nimeuleta mimi, matofali tu ndiyo yenu.

Katiba: Soli, ndugu yangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Yule mama alimtazama ng'ombe wake, kisha akamtazama Katiba.

Mama: Guu limeshavunjika, mzee. Ndiyo maana niko hapa.

Nilivuka. Mlango wa ghala ulikuwa mzito na ndani ilinuka chumvi na ngozi mbichi. Binti yangu alikuwa amekaa juu ya rundo la magunia, sanduku la barafu kati ya miguu, daftari wazi kwenye ukurasa uleule. Alikuwa ameandika orodha ya majina ya sumu, ndefu, na amekata moja moja, yamebaki manne na alikuwa hajui lipi achague.

Nilimpa chupa. Aliigeuza, akasoma karatasi ya bluu, akasoma tena, akaweka kidole kwenye jina moja kati ya yale manne. Akainusa gundi. Kisha akaniangalia, na macho yale sitaki kuyaeleza. Hakunilaumu. Akafanya jambo gumu zaidi: akachukua kalamu, akakaa wima, akaniuliza kama anavyouliza mtu yeyote.

Binti: Maksai, kabla hajaletwa machinjioni, alipewa dawa yoyote?

Mimi: Ndiyo.

Binti: Ipi?

Mimi: Hiyo.

Binti: Kiasi gani?

Mimi: Chupa nzima. Alikuwa mkubwa.

Binti: Nani alimchoma?

Mimi: Mimi.

Kalamu ilisimama.

Binti: Baba, nikiandika jina linakwenda hadi kwa ofisa. Halifutiki.

Mimi: Andika jina langu lote, si lile la kijiweni. Na andika kwamba saa nne na nusu nilikudanganya mbele ya watu.

Binti: Hilo si la kisayansi.

Mimi: Liandike hivyohivyo.

Aliandika. Gari lilipiga honi saa sita kasoro tano. Akafunga kile kipande cha figo na kile kijikaratasi cha bluu pamoja, akafuta pua kwa kiwiko, akaenda. Alipofika mlangoni akarudi hatua mbili, akanishika bega, akakimbia.

Mimi sikurudi nyumbani. Ingekuwa rahisi, na nilishafanya rahisi asubuhi ile ikatosha. Nilivuka barabara kurudi kijiweni. Sanduku langu lilikuwa limeshushwa chini, limewekwa vumbini hatua tatu kutoka ubaoni, kiatu cha mwalimu juu yake. Pale pangu, pale panapobonyea, alikuwa amekaa yule mama mfugaji, kwa sababu ng'ombe wake, aliyejaribu kumvusha bila tiketi, alikuwa ameshalala. Alilala juu ya mstari wa chokaa hasa, mgongo nje, kwato ndani, akicheua, na karani wa geti amesimama na daftari hajui aandike nini.

Nikaligeuza sanduku, nikalikalia, uso wangu ukatazama nyuso zao.

Dozi alikuwa ametoa katoni moja dukani, ameiweka mapajani, ameifunika kwa mikono yote miwili. Makali alikuwa anasafisha kisu ambacho kilikuwa safi. Katiba alikunja miguu yake, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Juu ya miti, tumbusi wanne walikuwa wanazunguka bila haraka.

Shangazi aliwasha jiko. Akachota unga wa kahawa kutoka kwenye kopo lililojaa, akamwaga maji, akaweka birika motoni. Akanipa kikombe changu mimi kwanza, kitupu, nikishike ningoje.

Mimi: Jumamosi shimoni walitupwa watatu. Mmoja ni wangu, nimeshaandikwa. Wawili waliobaki walikatiwa tiketi na nani?

Maji yalikuwa hayajachemka, na mimi nilikuwa sina haraka.

Nikauliza tena.